Mzee Aliyetaka Kupigwa na Mwanawe

Mzee Nicanor Ccoropuna alipotoka kwa wakili siku ile hakwenda nyumbani, alikuja kwangu, kama wanavyokuja wote. Mlango wangu unatazamana na uwanja wa ng'ombe. Kitambaa chekundu kikipepea pale juu ya mlango, watu wa mji wetu wa Qollpamayo wanajua pombe ya mahindi imeiva, na wakishaingia hawatoki bila kuniachia habari. Mtungi wa kwanza mzee aliunywa kimya. Wa pili ukamchekesha.

"Mama Gume," akaniambia, "hivi unajua kwamba katika nchi hii ya Peru baba hawezi kumnyima mwanawe urithi?"

Nikamwambia mbona watu wananyimwa kila siku. Akasema hao wanadhulumiwa, hilo jambo lingine. Kumnyima kisheria, kwa wasia, mbele ya wakili, lazima mtoto awe na kosa, tena kosa lililoandikwa na serikali. Awe amempiga mzazi wake, au amemnyima chakula, au amemfungia ndani, au awe anaishi maisha ya aibu.

"Kumchukia tu hakutoshi," akasema. "Eti hilo kosa langu, si lake."

Nyumba ilikuwa imejaa, na watu wakaanza kumtafutia mwanawe Wilber kosa, kwa utani, kama wanaotafuta chawa kwenye kichwa cha mwenzao. Chakula? Kila asubuhi mkewe Wilber, Rufina, anavuka ua na bakuli la supu ya kondoo na viazi vilivyokaushwa kwa baridi, na mzee analimaliza lote ndipo alalamikie chumvi. Kumfungia ndani? Nani wa kumfungia mtu anayelala na mjeledi ubavuni. Aibu? Mmoja akasema aibu pekee ya Wilber ni kwamba hanywi kwa Mama Gume, na hapo hata mimi nilicheka.

"Basi limebaki moja," mzee akasema, akafuta povu mdomoni. "Atanipiga."

Chuki hiyo nilijua ilikotoka, na mji mzima ulijua. Kwetu, mwenye kinyongo na mwenzake anangoja Krismasi. Siku hiyo anaingia duarani, pale uwanjani, anamwita mtu wake kwa jina kamili, na wanapigana ngumi na mateke mpaka mmoja aanguke au mwamuzi aseme basi. Halafu wanakumbatiana, na jambo limekufa. Anayelifufua baada ya hapo hatumsalimii. Sasa, zamani hizo, wakati mimi bado nina kiuno, Teodosio Llacma alimng'oa Nicanor meno ya mbele duarani. Walikumbatiana, damu ya Nicanor ikimchuruzikia mwenzake begani, tukajua yamekwisha. Miaka ikapita, Wilber akakua, na katika wasichana wote wa mkoa wa Chumbivilcas akaenda kumwoa Rufina, kitindamimba wa Teodosio. Mzee akamwambia achague. Kijana akachagua.

Na kilichokuwepo cha kunyimwa hakikuwa kidogo. Puka Pampa, ardhi ya mzee, ina malisho mpaka kwenye mawe ya juu, ina chemchemi isiyokauka, ina nyumba ya mawe na farasi ambao watu wa Arequipa wanakuja kuwaangalia. Wilber alizaliwa pale. Mfereji unaoteremsha maji mpaka zizini aliuchimba yeye. Mkono wake ukimgusa baba yake mara moja tu, mbele za watu, vyote vinakwenda kwa mpwa wa mzee aliye Cusco, mtu asiyejua hata farasi analala vipi.

Basi ikaanza kazi ya kuutafuta mkono huo.

Kwanza kamba. Nicanor katika ujana wake alikuwa mnasa ng'ombe ambaye kamba yake haikurudi tupu, na uzee haukumpunguzia. Wilber alikuwa anatoka zizini na ndoo. Kamba ikamshika shingoni na bega moja, na mzee, yuko juu ya farasi, akapiga mbio. Alimburuta ua mzima, juu ya mawe, akazunguka akamburuta tena, shati likaisha, ngozi ikafuata. Alipochoka kumburuta alisimamisha farasi, akashuka, akasimama karibu kabisa, kidevu mbele. Wilber aliinuka taratibu. Akaitoa kamba shingoni, akaikunja vizuri kama alivyofundishwa na huyo huyo, akampa.

"Kamba yako, baba."

Hilo nililisikia kwa Rufina mwenyewe, aliyekuja kwangu kutafuta majani ya kumkanda mumewe mgongo.

Halafu farasi. Kulikuwa na farasi jike la kijivu ambalo Wilber alililea kwa chupa tangu mama wa jike hilo alipoliwa na puma, yule simba wa milimani. Mzee alilichinja pale mlangoni, asubuhi, wakati wa supu, bila sababu wala njaa. Lilipiga mateke muda mrefu kwa sababu kisu hakikuwa kikali, nadhani kwa makusudi. Wilber alitoka ndani, akalishika kichwa mpaka likatulia, damu ikimjaa mapajani. Kisha akalichuna, maana nyama ni nyama. Alilia muda wote wa kuchuna, lakini mikono yake ilikuwa na kazi.

Mji ukawa hauna habari nyingine. Watu walikuwa wakikutana na Wilber sokoni wanamwangalia mikono kabla ya uso. Wanaume walimwambia we jamaa una moyo gani. Wanawake walimwambia Rufina amshike hivyo hivyo. Mimi nilisema mengi, siwezi kukataa, na mengine yalimrudia mzee kwa sababu kwangu ukuta wote ni masikio.

Mwisho ikawa Rufina. Alikuwa amepeleka supu kama kila siku. Mzee akaionja, akasema mkono wa Llacma hata chumvi unaitia kinyongo, akammwagia ile supu kifuani, ikiwa bado inatokota. Alipopiga yowe, mzee akageuza mjeledi, akampiga kwa mpini mdomoni. Jino moja likatoka.

"Mpelekee baba yako," mzee akamwambia. "Mwambie bado linadaiwa lingine."

Siku hiyo Wilber alikuja kwangu, mara ya kwanza kuja kunywa. Mkewe alikuwa amempeleka kwa watu wake ng'ambo ya mto, na farasi wawili aliopewa na marehemu mama yake alikuwa amewafunga nje, wamebeba magodoro na sufuria. Krismasi ilikuwa imekaribia, wanawake walishaanza kujaribu sauti za nyimbo uani kwangu. Nilimkanya. Nilimwambia baba yake amekwishatangaza kila mahali kwamba atamwita duarani, na mtu akiitwa asipotoka anaitwa mwoga kwa mwaka mmoja tu, lakini akitoka na kupiga amekwisha maisha yake yote. Afadhali uoga. Uoga watu husahau wakipata kingine cha kusema, na mimi ningewapa.

Akaiweka mikono yake mezani, akaitazama.

"Mama Gume," akasema, "tangu mwezi wa tisa hii mikono naibeba kama mali ya mtu. Nimechoka. Naitaka."

"Na Puka Pampa?"

"Si anaitaka yeye. Abaki nayo."

Siku yenyewe uwanja ulijaa mpaka juu ya kuta. Wanaume walivaa kofia za sufu zinazofunika uso mzima, wengine wamejifunga ndege aliyekaushwa kichwani, wanaongea kwa ile sauti nyembamba ya kike ili wasijulikane, na wanawake walikuwa wanaimba kwa sauti ya juu inayokuingia kwenye meno. Mimi niliweka jiko langu la mishikaki ya moyo wa ng'ombe pale pale kwenye kamba ya duara, mahali ambapo damu ikiruka inaruka juu ya makaa. Mwamuzi alikuwa Evaristo Chancuaña, mtu mpole nyumbani kwake, lakini siku hiyo na mjeledi mkononi haangalii sura.

Mzee Nicanor aliingia na kofia yake ya sufu na mwewe mkavu utosini. Akaita kwa sauti nyembamba jina lote, la baba na la mama, "Wilber Ccoropuna Lloclla." Kisha akafanya kitu ambacho hakifanywi: akaivua kofia, akamtupa mwewe chini, akabaki na mvi zake na pengo lake, ili kila mtu auone vizuri uso utakaopigwa.

Wilber alitoka akiwa ameshafunga vitambaa vya kufuma mikononi. Hakuwa amejifunika uso.

Mzee alimwanza kwa teke la goti. Watu wanafikiri mzee ni mzee. Yule alipiga kama nyumbu. Akampiga sikioni, akampiga kwenye mbavu zile zile zilizoburutwa, na kila akipiga alikuwa anasema jambo dogo, sauti ya chini, la mama yake, la mkewe. Wilber alikuwa anayumba tu, mikono chini. Uwanja ukaanza kumzomea. Mtu mmoja akapaza sauti kumwuliza kama amekuja kubarikiwa. Mzee akamshika kola, akamtemea mate, akamwambia, nami nilisikia wazi, nilikuwa karibu naye kama nilivyo na jiko: "Lile jino la mkeo nimelihifadhi. Nitalivaa."

Ngumi ile sikuiona ikiondoka. Niliisikia, kama mtu anavyokanyaga tawi kavu. Pua ya Nicanor ikahamia shavuni, damu ikatoka kwa mpigo mmoja, mishikaki yangu ya pembeni ikapata mchuzi. Alianguka kwa magoti, na akiwa chini, naapa kwa mama yangu, alikuwa anacheka. Meno yaliyobaki yote mekundu. Alitazama kuta zilizojaa watu, akaonyesha pua yake kwa kidole, kama anayesema mmeona, wote mmeona.

Evaristo akapiga mjeledi hewani akasema basi. Mzee akainuka, bado anacheka, na mwanawe amesimama mbele yake. Na hapo mzee akafanya lile ambalo kila mwanaume wa Qollpamayo analifanya bila kuwaza, lile alilolifanya kila Krismasi tangu alipoota ndevu. Akafungua mikono. Wakakumbatiana. Evaristo, aliyekuwa karibu, aliniambia baadaye walichosemezana. Mzee alisema, "Sasa huna kitu." Na Wilber akajibu, "Sasa nina mikono." Akatoka nje ya uwanja, akafungua farasi wake wawili, akavuka mto.

Sikukuu zilipokwisha mzee alinichukua kwenda kwa Wakili Peralta kuwa shahidi. Pua ilikuwa imevimba kama kiazi. Nilivaa sketi zangu zote nzuri, maana si kila siku mtu anaulizwa aeleze jambo na mtu mwingine anaandika. Nikaeleza. Nikaeleza teke, nikaeleza mate, nikaeleza ngumi mpaka wakili mwenyewe akajishika pua. Akaniuliza ikawaje. Nikamwambia wakakumbatiana.

Kalamu ikasimama.

"Wamekumbatiana nani?"

"Hao hao, Bwana Wakili. Kwani sisi wanyama?"

Wakili akaegemea kiti, akamweleza mzee taratibu, kama anayemvua mtu buti kwenye mguu uliovunjika. Mtoto akimpiga baba, baba anaweza kumnyima urithi, sawa. Lakini baba akishamsamehe, sababu imekufa. Na hapa shahidi wake mwenyewe anasema alimkumbatia mbele ya mji mzima.

"Lile si msamaha," mzee akasema. "Ndivyo mtu anavyotoka duarani."

"Basi na ngumi si pigo, Mzee Nicanor. Ndivyo mtu anavyoingia. Chagua moja. Kama yaliyo duarani yanahesabika, yahesabike yote."

Mzee alikasirika mpaka pua ikaanza kuvuja tena. Akagonga meza. "Hata Teodosio Llacma nilimkumbatia," akasema, "na sijamsamehe mpaka leo."

Alipomaliza kulisema akakumbuka kwamba mimi nipo. Alinigeukia. Mimi, ambaye nimesikia ya wevi wa ng'ombe na ya wake za watu, nilijisikia kama nimemwona uchi. Kwetu unaweza kuua mtu na watu wakakuelewa. Lakini kukumbatia duarani huku umeshika kinyongo, miaka yote hiyo, ukila kwenye arusi za watu na kubeba majeneza yao? Wakili, ambaye si wa kwetu, hakuelewa alichokisikia.

Jioni hiyo hiyo mji ulijua. Nisiulizwe ulijuaje.

Mwaka huo ulikuwa mbaya kwa Nicanor. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Waliacha tu kumsalimia. Supu ikakoma, maana aliyeileta alikuwa ng'ambo ya mto na mimba ikikua. Alijipikia, akajiunguza, akaanza kuja kula kwangu, na akikaa benchi linabaki lake peke yake. Mfereji ukaziba, hakuna wa kuuzibua. Lakini moyo wake haukulegea hata kidogo. Aliniambia, kwa vile nilikuwa nimebaki mimi tu wa kuambiwa, kwamba mara hii amejua alipokosea. Atamwita tena. Atapigwa tena. Na mikono yake ataibana ubavuni hata wamkate.

Krismasi ikafika. Jiko langu likawa pale pale. Wilber alikuja na Rufina, na mtoto mgongoni kwa Rufina amefungwa kwa shuka la rangi. Mtoto wa kiume, na pua ya Nicanor, ile ya zamani iliyonyooka. Mzee aliona. Nilimwona akiona. Akaingia duarani akaita jina.

Wilber hakutaka. Lakini uwanja mzima ulikuwa unamtazama, na mtoto wake sasa alikuwa na jina la kubeba. Akamkabidhi mkewe kofia, akaingia.

Safari hii mzee hakuhitaji maneno. Alimpasua Wilber nyusi kwa ngumi ya kwanza, akampiga kichwa kifuani, akamkanyaga vidole vya mguu kwa kisigino cha buti la mpanda farasi. Wilber akawa haoni jicho moja kwa damu. Akarusha mkono, mmoja tu, nadhani ili kumsukuma tu mbali naye, ukampata mzee chini ya taya. Mzee akaanguka chali. Evaristo akasema basi.

Nicanor akasimama. Akabana mikono ubavuni, ngumi zimekunjwa, akatazama juu.

"Kumbatianeni," Evaristo akasema.

"Sikumbatii."

Waimbaji wakakata wimbo katikati. Evaristo akarudia kwa heshima, akamwita mzee wangu. Akajibiwa vile vile. Basi sheria ya duara ni moja, kwa mzee na kwa kijana. Mjeledi ukashuka ukampata Nicanor mabegani. Hakuinua mkono. Ukashuka tena ukampasua koti, ukashuka ukamchukua shingo, na mzee akawa anapiga kelele kati ya mapigo, anamwambia Evaristo apige, apige sana, watu waone, hakuna kumbatio, waone wote. Watu wakaanza kumwunga mkono mwamuzi kwa miguu, wakipiga udongo. Waliochukizwa na lile la Teodosio waliukanyaga zaidi. Mzee akaenda magotini. Damu sasa ilikuwa inatoka sikioni, na Evaristo, yule mpole, alikuwa amekwishaingia mahali ambapo mtu hawezi kujizuia mwenyewe.

Wilber alijirusha kati. Mjeledi uliokuwa njiani ukamshukia yeye, kwenye makovu ya kamba, shati likafunguka kama mlango. Akamfunika mzee kwa mwili wote, akamzungushia mikono miwili kichwani, akamvuta kifuani, akapokea mwingine, na mwingine.

Na mzee alikuwa anapigana humo ndani, anauma, anapiga viwiko, anapiga yowe ambalo nalisikia bado nikipuliza makaa.

"Usinikumbatie. Niache. Hili si kumbatio, jamani, andikeni, hili si kumbatio."

Wilber hakumwachia mpaka Evaristo aliposhusha mkono, akatazama mjeledi wake kama kitu alichookota. Walikaa vile chini, hakuna aliyejua damu ipi ya nani. Viwiko vikapungua. Sijui mzee alichoka au vipi. Mkono wake mmoja ulikuwa nje, mgongoni kwa mwanawe, juu ya yale mapasuko mabichi, na vidole vilikuwa vimekunjwa bado.

Sikukuu zilipokwisha alikuja, anachechemea, kunichukua tena kwa wakili, maana hakuna mwingine mjini aliyekubali kumshuhudia. Nivae sketi zangu, niseme kwamba kijana alimpiga taya, na kwamba yeye, Nicanor, hakumkumbatia. Kwamba aliyekumbatia ni yule, si yeye. Alisema nimeona yote, nilikuwa karibu nao kama nilivyo na jiko.

Nilimwekea bakuli la supu. Nikamwambia, mzee wangu, samahani sana, siku ile mishikaki ilikuwa inaungua. Nilikuwa nimeinama. Sikuona kitu.